Mifupa ya Herufi: Mhadhara Kuhusu Ibrahim El-Salahi na Namna Anavyochora

 

Nimekuja na ubao. Ni huu hapa, wa mti, urefu wake toka kiwiko changu hadi ncha za vidole, una mpini juu na pembeni umelika kwa kushikwa. Aliusomea babu yangu, kisha mama, kisha mimi. Waliopita chuo cha Kurani zamani wanaujua. Unaandikiwa aya kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, unazisoma mpaka zikae kichwani, kisha unakwenda kisimani kuuosha. Wino unatoka, ila hautoki wote. Nikiuinamisha kwenye mwanga wa dirisha, hivi, mlio karibu mtaona kuwa chini ya maandishi ya mwisho kuna kivuli cha maandishi yaliyotangulia, na chini ya hicho kipo kingine, hafifu zaidi, mkono wa mtoto mwengine kabisa. Nitaurudia ubao huu mara kadhaa, kwa hiyo nauegemeza hapa mezani.

Kwenye kompyuta hii zipo picha za mchoraji ninayekuja kumzungumzia. Sitazionyesha sasa. Nikiziwasha mtaanza kuniuliza hii ni nini na ile ni nini, na ni haki yenu kuuliza, lakini leo nataka tuanzie kwenye chumba cha kazi: mkono unakwendaje, karatasi imetoka wapi, mtu anajuaje kuwa amemaliza. Uchoraji dhahania, ule usiokuonyesha mnazi ukasema mnazi, kwetu husemwa kuwa ni sanaa ya watu waliowapa watazamaji mgongo. Nimeyasikia hayo kwenye baraza, nimeyasikia hata kwa walimu wa sanaa. Mimi nimezitazama kazi za mzee huyu kwa zaidi ya miaka 30, na ninachotaka kuwaambia ni kinyume chake. Yeye aliingia kwenye udhahania kwa sababu alikuwa anawatafuta watu. Alivunja umbo ili jirani yake asogee karibu.

Ibrahim El-Salahi alizaliwa mwaka 1930 Omdurman, mji ulio ng'ambo ya Nile ukitokea Khartoum. Baba yake alikuwa na chuo cha Kurani, wenyewe wanakiita khalwa, na huko ndiko mtoto alikoshika kalamu kabla ya kuingia skuli ya serikali. Ubao wao ni ndugu wa huu. Wino wao nao ni masizi ya vyungu yaliyochanganywa na gundi ya mgunga. Hapa nawaomba vijana mnisikilize vizuri, maana mara nyingi mnaniambia kuwa vifaa vya sanaa vinatoka Ulaya. Gundi hiyo ndiyo Sudan inayoiuza dunia nzima, na ndiyo inayoshikilia rangi za maji kwenye visanduku vidogo mnavyovinunua kwa bei ya kuumiza. Inakwenda huko ikiwa utomvu wa mti, inarudi kwetu ikiwa ndani ya kopo lenye lebo.

Jambo jengine la khalwa ya Sudan ni kuwa mwanafunzi akimaliza fungu kubwa la msahafu, ubao wake hupambwa. Huchorwa mistari, vikuba, pembetatu, rangi pembeni na juu, na watu wakauona wakafurahi naye. Kwa hiyo kwenye kipande kimoja cha mti mtoto anakutana na neno na pambo pamoja, na hakuna anayemwambia kuwa moja ni elimu na jengine ni mchezo.

Mwaka 1954 serikali ilimpeleka London, skuli ya sanaa ya Slade, na alikaa huko mpaka 1957. Katika miaka hiyo ya hamsini Sam Ntiro wetu, mtu wa Kilimanjaro aliyetokea Makerere, naye alipita Slade. El-Salahi alijifunza yale yote ambayo skuli ile ilikuwa ikifundisha: kuchora mwili wa mtu aliyekaa mbele yako, sura, vitu vilivyotulia mezani, mafuta juu ya turubai. Akarudi Khartoum kufundisha, mkono umekamilika, na akafanya kile ambacho mchoraji yeyote angefanya. Akaandaa maonyesho.

Watu walikuja siku ya kwanza. Ameeleza mwenyewe zaidi ya mara moja kuwa walikujia soda. Walikunywa, wakasalimiana, wakaondoka, na siku zilizofuata hakuja mtu. Sura alizozichora zilikuwa za Wasudani, zimechorwa kwa ustadi wa London, na Wasudani hawakuona cha kuwaweka pale.

Angeweza kusema watu wale hawajasoma, na wengi husema hivyo. Nimewahi kulisema mimi mwenyewe, nikiwa kijana, kwa ukumbi uliobaki na viti vitupu, na nililala usiku ule nikijiona mkubwa. El-Salahi alifanya jambo gumu zaidi. Alijiuliza kwa nini hawakukaa, akalichukulia swali lile kuwa ni kazi yake ya kulijibu. Kwa miaka kama miwili hakuweza kuchora. Alisafiri ndani ya nchi yake akatazama kile ambacho watu wale wale walikuwa tayari wamekiweka majumbani mwao bila kuombwa na mtu: mapambo ya kuta, ngozi zilizosukwa, mikeka, matandiko ya ngamia, vibuyu vilivyochongwa. Na kila nyumba, ukutani, maandishi. Aya, dua, jina la Mwenyezi Mungu kwenye fremu. Nyumba haikuwa na picha, lakini haikukosa herufi.

Alianza na kitu kidogo sana. Kwenye pembe ya picha yake aliandika maneno madogo ya Kiarabu, madogo kama stempu kwenye bahasha. Watu wakaanza kusogea, kwa sababu mtu akiona maandishi hawezi kujizuia kusoma. Akayatoa maneno pembeni akayaleta katikati ya picha, wakasogea zaidi. Naipenda sana sehemu hii ya habari yake, na wanafunzi wangu wamechoka kunisikia nikiisimulia. Huyu ni mchoraji anayepima kazi yake kwa hatua za miguu ya watu. Hakuuliza kama wameipenda picha. Aliangalia wamesimama wapi.

Baada ya hapo ndipo alipozivunja herufi.

Hebu niazime chaki. Naandika nun. Ni bakuli lenye nukta moja juu yake, hamna asiyeijua. Sasa naifuta nukta. Bado ni herufi? Mwenye kusoma anasema haijakamilika. Naigeuza juu chini: kuba. Naisimamisha ubavu: mwezi mwandamo, au pembe ya ng'ombe, na nikiweka mbili zikitazamana, kichwa cha ng'ombe mzima kinaniangalia. Haya, waw. Kichwa cha duara na mkia unaopinda. Nikiiweka peke yake ni ndege aliyekunja shingo. Nikiweka vichwa viwili vya waw sambamba, mikia ikashuka chini, hayo ni macho na mashavu ya mtu aliyelia. Na hii lam-alif, wawili waliofungamana kiunoni, sihitaji kuisema.

Nimefanya kwa chaki, kwa dakika moja, na mmecheka vizuri kwa furaha ya kuona. Yeye alifanya kwa miaka. Alitaka kufika kwenye mifupa ya herufi, pale inapokuwa bado haijawa sauti, na alipofika huko maumbo yakaanza kumjia: watu warefu, wanyama, mimea, nyuso zinazofanana na vinyago. Amesema yalimjia kana kwamba mkono unaongozwa na roho aliyokuwa nayo siku zote bila kujua. Na rangi alizichagua kwa kujinyima: kahawia, nyeusi, nyeupe iliyochafuka, manjano ya udongo. Rangi za ardhi ya kwao wakati wa kiangazi.

Picha moja ya wakati ule ameiita Sauti za Ndoto za Utotoni Zilizozaliwa Upya. Aliianza mwaka 1961, akaimaliza 1965. Ni kubwa, mita mbili na nusu na zaidi kila upande, na iko London kwenye makumbusho ya Tate. Rangi yake ni ya mafuta pamoja na rangi ya kung'aa ya kopo, juu ya kitambaa cha pamba. Nawaomba wachoraji mlioko hapa mtulie kwenye vifaa hivyo. Rangi ya kopo na kitambaa cha pamba: miaka ileile ya sitini, Dar es Salaam, Edward Tingatinga alikuwa anatumia rangi ya baiskeli juu ya habodi. Na sisi tunaofunga marekani kwenye fremu za mbao za masanduku tunajua kitambaa kile kinavyokunywa rangi, mkono wa kwanza unapotea wote ndani, wa pili unaacha baka, wa tatu ndio unaanza kusema kitu. Miaka 4 kwa picha moja si uvivu. Ni kupaka, kuacha, kurudi, kufunika, na kuruhusu kilichofunikwa kiendelee kuonekana kidogo. Ni ubao huu.

Mwaka 1964 alichora nyingine, Sauti ya Mwisho, inayohusu kifo cha baba yake na dua za mtu anayeiaga dunia. Baba aliyemfundisha herufi. Sitasema zaidi juu ya hiyo. Mtu aliyemzika mwalimu wake wa kwanza atajua kwa nini herufi zile zimetawanyika vile.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, na nimelitafakari sana kabla ya kulisema hadharani.

El-Salahi hakuwa peke yake. Osman Waqialla alikwishaanza kuitoa herufi kwenye kurasa za kitabu kabla yake, na Ahmed Shibrain alikwenda njia hiyo kwa namna yake. Wakaitwa Skuli ya Khartoum. Katika miaka ya sabini wakatokea wachoraji waliowapinga, Kamala Ishaq na wanafunzi wake, kundi la Wakristali, ambao mwaka 1976 walitoa tamko lao. Kwa ufupi walihofia kuwa kurudi kwenye turathi kumegeuka mazoea. Wakati nikiwa kijana niliwaona wakorofi. Leo nasema walikuwa na haki ya kuuliza, na nimelijua hilo kwa kazi ya mikono yangu.

Miaka mingi nyuma hoteli moja ya kitalii iliniagiza picha 12 za ukumbini. Walitaka herufi za Kiarabu, rangi ya bahari, na dhahabu kidogo. Nilizifanya kwa wiki tatu. Nun huku, ha kule, waw mbili tatu, buluu juu, dhahabu kunyunyiza. Fedha zilikuwa nzuri na watoto walikuwa wadogo. Siku ya kuzifunga akaja maalim wangu wa chuoni, mzee sana wakati ule, kunijulia hali.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo kazi hizi?"

Alizitazama zote 12, moja moja, akiinama.

"Hapa umeandika nini?"

"Sijaandika neno, Maalim. Ni mapambo tu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Umeandika kwa brashi."

"Ndiyo, Maalim."

"Inaonekana. Kalamu hujaikata."

Hakusema la zaidi, akanywa chai yake akaenda. Wasiozijua kalamu hizi hawatasikia uzito wa maneno yale. Kalamu ya mwanzi hukatwa ncha kwa mshazari, na mshazari huo ndio unaofanya mstari uwe mnene ukishuka na mwembamba ukipanda. Ncha hiyo ikigusa karatasi mara moja inaacha nukta ya mraba uliolala upande, na nukta hiyo ndiyo rula: alif ina urefu wa nukta kadhaa, bakuli la nun lina upana wa nukta kadhaa. Hesabu hii inanasibishwa na Ibn Muqla wa Baghdad, aliyekufa mwaka 940. Mkono uliokulia humo unajua kila herufi imeungwa wapi, kwa hiyo unajua pa kuitenganisha. Mimi mkono wangu ulilijua hilo utotoni na nikauacha nyumbani siku ile, kwa sababu mnunuzi hakuwa anataka kusoma. Zile hazikuwa herufi zilizovunjwa. Zilikuwa herufi zisizojulikana na mwenye kuziandika, na kila nikipita kwenye maduka yetu ya picha nikaona Wamasai wembamba wamepangwa kwa dazeni, nazikumbuka.

Hapo ndipo ninapompa El-Salahi heshima ya pekee. Alipoona herufi imeanza kumzoea, aliiacha ipotee. Na kilichomsukuma mbele zaidi hakuwa amekichagua.

Mwaka 1972 alirudi Khartoum kutoka London, ambako alikuwa ubalozini, akapewa kazi wizara iliyoshughulikia utamaduni, akapanda hadi cheo cha juu. Septemba 1975 alikamatwa. Kulikuwa na jaribio la kumpindua Rais Nimeiri, jamaa yake alihusishwa, naye akachukuliwa bila ya kufikishwa mahakamani. Alikaa jela ya Kober miezi 6 na siku 8. Nilimtaja Ibn Muqla sasa hivi. Yeye naye alikuwa mtu wa serikali, waziri, na historia inasimulia kuwa alifia gerezani baada ya kukatwa mkono wake wa kulia. Siwezi kusoma habari ya mmoja bila kumfikiria mwengine.

Jela ile ilikataza kuandika na kuchora. Aliyekutwa na karatasi au kalamu alitengwa peke yake. El-Salahi alipata vipande vidogo vya karatasi, vya kufungia vitu, akawa anavichora kwa siri, na akisikia mlinzi anakuja anavifukia mchangani.

Tulieni hapa na mimi. Una kipande cha karatasi kisichozidi kiganja. Una dakika chache. Hujui kama utakiona tena. Huwezi kupanga picha kubwa, maana pa kuiweka hapapo, na huwezi kusahihisha. Unachoweza ni kuanza na kitu kimoja kidogo, kiini, jicho labda, au mstari, na kukiacha kikue mpaka ukingo wa karatasi. Kisha unafukia. Siku nyingine unapata kipande kingine, na kiini kingine, au mwendelezo wa kile cha jana ambacho kiko chini ya mchanga na kwenye kichwa chako tu.

Alipotoka, utaratibu huu alitoka nao. Kwanza alijaza daftari zima kwa kalamu na wino, michoro na maandishi ya jela, mwaka 1976. Daftari hilo sasa liko New York, makumbusho ya MoMA. Kisha akaanza kufanya kazi za kuunga. Anaanza na karatasi moja, kiini katikati au pembeni, hajui kinakwenda wapi. Karatasi ikijaa na mstari bado unataka kuendelea, anaongeza nyingine ubavuni mwake. Kisha nyingine juu. Picha inaamua ukubwa wake yenyewe.

Mama yangu alikuwa msusi wa mikeka, Makunduchi, na nilipoifahamu njia hii ya El-Salahi nilimwona yeye kwanza. Ukili husukwa mrefu, mwembamba, unazungushwa chini kama nyoka aliyelala, na chane zikiisha anaingiza nyingine katikati ya msuko bila ya kusimama. Mkeka haupo. Kuna ukanda tu unaorefuka miezi mitatu, minne, pembeni ya shughuli zake zote. Halafu siku moja anakaa na sindano anaanza kushona ukanda kwa ukanda, na hapo ndipo upana unapotokea. Tofauti ipo, naijua: mama alikuwa na hesabu ya rangi kichwani toka chane ya kwanza, na mzee wa Omdurman anasema hana. Lakini mwili ni mmoja, wa mtu anayefanya kitu kikubwa bila ya kuwahi kukiona chote mbele yake.

Kazi kubwa iliyotokana na njia hiyo ni Lisiloepukika, ya mwaka 1984 na 1985. Wino mweusi, mapande 9 ya kadi nyeupe, watu wamesongamana, nyuso, mikono, ngumi. Fikra yake ilianza jela. Aliifanya akiwa nje ya Sudan, Doha, ambako alikuwa akifanya kazi ya ofisi mchana kama mtu mwengine yeyote. Aprili 1985 watu wa Khartoum waliingia barabarani na Nimeiri akaanguka. Sasa kazi hiyo iko Marekani, chuo kikuu cha Cornell. Wengi huiita picha ya siasa, na ni kweli. Mimi kama mchoraji natazama mishono. Kila pande limesimama kwa miguu yake, ukilichukua peke yake ni mchoro kamili, na ukiyaweka pamoja yote 9 huoni tena mmoja ulipoishia. Vipande vilivyofukiwa vimefukuliwa.

Kwa karibu miaka 20 alifanya kazi nyingi kwa nyeusi na nyeupe. Rangi zilirudi baada ya kuhamia Oxford mwaka 1998, na zilirudi kupitia mti. Kando ya Nile kuna mgunga wanaouita haraza. Mvua ikinyesha na kila mti ukavaa kijani, haraza hupukutisha majani ukabaki mkavu. Kiangazi kikianza na miti mingine ikaungua, wenyewe ndio unaochanua. Amesema ni mti mkaidi na ameufananisha na watu wa nchi yake. Ameuchora mara nyingi mno kuhesabu hapa: mistari ya wima, mapande ya mraba, nyeusi na nyeupe kisha buluu, nyekundu, machungwa. Ukiangalia wa kwanza na wa kumi unaona shina linayeyuka mpaka kubaki nguzo na nafasi kati ya nguzo. Mwaka 2018 mti huo ulisimamishwa kama sanamu katika bustani ya Regent's Park, London. Miaka mitano kabla, 2013, Tate Modern ilikuwa imemfanyia maonyesho ya kazi za maisha yake yote, na hakuna mchoraji wa Kiafrika aliyefanyiwa hivyo pale kabla yake.

Sitakaa kwenye heshima hizo. Nataka kumalizia kwenye kiti chake cha Oxford, akiwa amevuka miaka 85.

Maumivu ya mgongo na miguu yalikuwa hayamwachi. Hakuweza tena kusimama mbele ya kitu kikubwa. Dawa zilikuwa zinakuja, kama zinavyokuja kwa mzee yeyote, kwenye vile vibweta vya karatasi ngumu. Mwaka 2016 alianza kuvifumua vibweta hivyo na kuchora upande wa ndani, kwa kalamu na wino, akiwa amekaa. Na bahasha. Alichofanyia kazi tena ni kipande kidogo cha karatasi iliyokuja na kitu kingine, cha ukubwa wa kiganja au viwili. Ameeleza kuwa akichora, akili inaondoka kwenye maumivu. Kazi hizo amezipa jina hilo hilo la kutuliza maumivu, na baadhi zilikuzwa baadaye kwenye kitambaa kikubwa kwa njia ya kuchapa, mistari ya ncha ya kalamu ikawa minene kama kamba.

Nimefanya jaribio nyumbani, nawaomba na nyinyi mlifanye mkirudi. Chukueni kibweta cha dawa, mkifumue taratibu pale kilipogandishwa gundi. Kina umbo ambalo hakuna mchoraji angelichagua: kina masikio, kina ulimi wa kufungia, kina mikunjo ambayo wino ukiipita unatapakaa kidogo kwenye nyuzi za karatasi. Nje kuna jina la dawa, idadi ya vidonge, mara ngapi kwa siku. Ndani ni kijivu au nyeupe isiyo safi. Mchoro ukianzia katikati ukakua kwenda kingo, hauna budi kuingia kwenye masikio yale, na kila mkunjo unakuwa mpaka wa pande na pande. Mapande 9 ya Lisiloepukika, kwenye kibweta cha vidonge.

Mama yangu alipougua alikuwa anavikunja vibweta vyake na kuvipanga kwenye mkoba wa ukili, hataki vitupwe, na sikuwahi kumuuliza anavitakia nini. Ninacho kimoja hapa. Nimekifumua jana usiku, na nimeanza kukichora, lakini hicho si cha leo.

Kijana wangu, nizimie taa za mbele na unifungie dirisha lile. Picha ya kwanza ni mchoro wa kibweta, na nimeiacha kwa ukubwa wake wa kweli, sikuikuza, kwa hiyo toka huko nyuma hamtaona kitu. Viti vya mbele viko wazi. Sogeeni.